Naomba ushauri: viza ya kumtembelea dada Ujerumani

Wakuu habari. Dada yangu ni muuguzi Hamburg, kajifungua juzi, na mama keshafunga khanga na unga wa ulezi nimpelekee. Barua ya udhamini (Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, ulimi unajikunja) dada ameshaisaini. Bima ya matibabu ya safari ya euro 30,000 nitakata. Kinachoninyima usingizi ni taarifa ya benki. Nauza mitumba Mbeya, hela yangu yote inazunguka kwenye simu. Akaunti ina laki mbili na ushee tangu Januari. Nikiijaza ghafla si wataona ni ya kuazima? Leseni na TIN ninavyo. Mliopita njia hii, niambatanishe miamala ya M-Pesa? Na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ninaowaacha, waone nitarudi? Naomba siku 30 tu.