Kihisi cha hewa kinasoma 160 alfajiri, na hapa kwetu Njombe hakuna kiwanda karibu

MlimaViazi:
Wakuu, habari za jioni. Nimeunga kihisi cha vumbi, PMS5003, kwenye bodi ya ESP8266, kinatuma namba kwa waifai ya nyumbani. Kiko ukutani nje, ndani ya elbo mbili za bomba la plastiki ili mvua isiingie. Mchana PM2.5, yaani zile chembe ndogo mno za vumbi na moshi hewani, inacheza 10 hadi 14. Ikifika saa 11 alfajiri inapanda hadi 160, saa 4 asubuhi inashuka yenyewe. Shemeji yangu wa Kariakoo ananicheka, eti nihamie kwake nikapumue. Kimeharibika?

ChuraWaLimuru:
Hiyo saa 11 unaona nyumba ya jirani?

MlimaViazi:
Hata mparachichi wa hapo uani siuoni. Ukungu mtupu.

FundiFriji_Temeke:
Basi kizima hicho, kinahesabu ukungu.

Mimi kitu kilichofungwa kwa skrubu hakinipi usingizi, kwa hiyo kimoja nilishakifungua. Ndani kuna kifeni kinachovuta hewa ipite kwenye mwale wa leza. Chembe ikikatiza, inatawanya mwanga, na pembeni kuna jicho la kielektroniki linalodaka mmweko huo. Kutokana na mmweko, programu yake inakisia ukubwa wa chembe, halafu inakisia uzito. Yaani hizo mikrogramu kwa mita ya ujazo unazosoma, hakuna mizani iliyozipima! Tone la ukungu nalo linamweka kama moshi tu. Na chembe za moshi zenyewe hunyonya maji unyevu ukizidi, zikavimba. Mashine kubwa za vituo rasmi hupasha hewa joto kwanza ikauke. Chako hakina hita, ndiyo maana umekimudu.

Ongeza BME280 ipime unyevu, ni waya nne tu. Kule Marekani mamlaka ya mazingira, EPA, ilitoa kanuni ya kusahihisha vifaa vya kupimia hewa vya PurpleAir, ambavyo ndani vina vihisi vya kampuni ya Plantower kama chako: namba yako mara 0.524, toa unyevu mara 0.0862, ongeza 5.75. Nimejaribu kwa 160 na unyevu wa asilimia 98, imetoka 81. Bado kubwa. Hao hawakupiga hesabu wakiwa ndani ya ukungu wa Njombe. Watu wa AirQo, mradi wa kupima hewa pale Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, huweka vihisi viwili kwenye kifaa kimoja, kimoja kikidanganya kingine kinakiumbua. Lakini kwa ukungu vyote viwili vitadanganya pamoja, kwa hiyo usikimbilie kununua cha pili. Unyevu kwanza.

BandoLimeisha:
Samahani naingilia. Kinakula bando kiasi gani?

FundiFriji_Temeke:
Kidogo mno. Ni mistari michache ya maandishi kila dakika mbili tatu. Video moja ya harusi kwenye grupu la ukoo inakula zaidi ya kihisi siku nzima.

MlimaViazi:
Nimerudi baada ya siku 9. BME280 imefungwa. Saa 11 alfajiri unyevu asilimia 97, PM2.5 150. Saa 4 unyevu 68, PM2.5 12. Ukungu kweli, fundi, ahsante.

Ila kuna jambo. Saa 2 usiku unyevu uko 71 tu, mparachichi naumulika kwa tochi nauona vizuri, na namba ni 88. Kila siku, isipokuwa Jumapili. Nimekaa nikiwaza Jumapili kuna nini, kumbe tunakula kwa mama mkubwa. Nikatoka nje na tochi: kihisi kiko hatua tano kutoka dirisha la jiko letu la kuni.

FundiFriji_Temeke:
Heheee. WHO wanasema wastani wa saa 24 usizidi 15, nawe una 88 hapo dirishani. Hiyo si ukungu, mkuu. Usikihamishe. Hapo sasa ndipo pa kununua cha pili, kiweke upande wa barabarani, halafu leta namba za wiki moja tulinganishe.