Deni na nafasi za dhamana serikalini Marekani: kulipa lote, awamu, kupatana au kufilisika?

Mwenye_Daftari
Wakuu, tulinganishe. Mtu anaomba kazi serikali kuu ya Marekani, iwe nafasi ya dhamana ya umma, yaani yenye majukumu nyeti (fomu SF-85P), au inayodai kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali (SF-86). Ana kadi za mkopo zilizokwama, na kodi pia anadaiwa. Njia ziko nne: kulipa lote, kulipa kwa awamu, kupatana na mdai apokee pungufu, au kufilisika kisheria. Ipi inamsimamia vizuri mbele ya wapelelezi?

Karani_wa_Pili
Hakuna kiwango cha deni kinachomwangusha mtu moja kwa moja, wala alama ya mikopo ya kufaulia. Kwenye kibali cha usalama kinachotumika ni Mwongozo F, sehemu ya mambo ya fedha katika SEAD 4, agizo linalowaongoza waamuzi wa vibali, ulioanza Juni 2017. Unapima deni lilitokana na nini na ulifanya nini baada yake. Kuachishwa kazi, ugonjwa au talaka vinasaidia, mradi uonekane ulihangaika na wadai wakati uleule. Anayeanza kuwapigia simu wiki ya mahojiano amechelewa. Kulipa lote ni safi, ila si lazima: awamu ndogo zenye risiti za miezi mfululizo zinatosha mara nyingi.

Binti_Hesabu
Kodi msiichanganye na kadi. Fomu OF-306, ya maelezo ya mwombaji kazi serikalini, inauliza waziwazi kama umechelewesha deni lolote la serikali kuu: kodi, mkopo wa masomo uliodhaminiwa na serikali, hata mafao uliyolipwa kupita kiasi. Hela ikiwa haitoshi, anzia hapo. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inakubali awamu za miaka kadhaa kwa deni lisilozidi dola 50,000. Unaomba mtandaoni au kwa Fomu 9465. Wengi hukwama kwa sababu hawajawasilisha hesabu za kodi za miaka ya nyuma. Na kutowasilisha ni doa baya kuliko kudaiwa.

Mzee_wa_Mizania
Kupatana ndiko kunakowaponza watu, maana kunaonekana rahisi. Mdai akisamehe dola 600 au zaidi, kwa kawaida hutoa Fomu 1099-C, taarifa ya deni lililosamehewa, na kilichosamehewa kinahesabiwa kipato. Deni la dola 9,000 likimalizwa kwa 4,000, IRS inaona umeingiza 5,000. Usipozitaja, umegeuza deni la kadi kuwa deni la serikali, lile lile alilosema Binti. Kama siku ya msamaha madeni yako yalizidi mali zako, jaza Fomu 982, uokoe kiasi kile kilichozidi.

Pia, makubaliano yaandikwe kabla hujatoa senti. Na mdai akiliandika deni kuwa hasara kwenye vitabu vyake, bado unadaiwa. Usijaze kwenye fomu kwamba limefutwa.

Mwenye_Daftari
Na kufilisika? Wengi wanaamini ndio mwisho wa safari.

Karani_wa_Pili
Sio kweli. Kifungu cha 525 cha sheria ya ufilisi kinaizuia serikali kukunyima kazi kwa sababu hiyo *peke yake*. Chanzo bado kinachunguzwa: kamari haipokelewi kama bili za hospitali. Ufilisi wa Sura ya 7, unaofuta madeni mengi bila mpango wa awamu, humalizika kwa takriban miezi minne; Sura ya 13 ni miaka 3 hadi 5 ya kulipa kupitia msimamizi, na kumbukumbu zake ni ushahidi mzuri wa nia ya kulipa. Mikopo ya masomo kwa kawaida haiondoki.

Binti_Hesabu
Kuna wanaochagua ya tano: kukaa kimya hadi deni litoke kwenye ripoti ya mikopo baada ya miaka 7. Kwa waamuzi wa vibali, kutoweka huko si kulipa. Na SF-86 inauliza yaliyochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7, hata kama umeshayamaliza. Kuficha ni kosa linalojitegemea.

Kabla ya kujaza, chukua ripoti za kampuni zote tatu za kumbukumbu za mikopo (Equifax, Experian, TransUnion) bure kupitia annualcreditreport.com, kwa sababu deni moja huweza kuonekana kwa kampuni moja tu. Lisilo lako lipinge kwa maandishi. Kwa kawaida kampuni hizo zina siku 30 za kulichunguza. Nakala ya barua hiyo iende nawe kwenye mahojiano.