Tupeane uzoefu: uliposimama kuwasilisha kazi mbele ya darasa, nini kilikutokea na nini kilikusaidia?

#1
Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza. Juzi kanipigia simu analia, kapangiwa kuwasilisha kazi ya kundi na hajawahi kusimama mbele ya watu maishani mwake. Nimeona nisimjibu peke yangu, tumwandikie wengi.

Naanza mimi. Mwaka wa pili nilisimama na karatasi mkononi. Mkono ulitetemeka kidogo tu, lakini karatasi ikaukuza ule mtetemeko, hadi waliokaa mbele wakasikia inavyochakacha. Mdomo ukakauka, nikasoma mfululizo bila kuinua macho. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ile ni adrenalini: mwili unadhani kuna hatari, moyo unakwenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli, mate yanakata. Haimaanishi hujui somo. Tangu siku hiyo karatasi sishiki. Nina kadi ndogo ngumu, naiweka mezani, na sentensi mbili za kwanza nazijua kama jina langu. Hizo zikishatoka, pumzi inarudi yenyewe.

#2
Mimi nilikariri kila kitu, neno kwa neno, kurasa 4. Katikati neno moja likanitoka na yote yaliyofuata yakaondoka nalo. Nikarudia sentensi ya juu yake mara tatu, wapi. Kimya. Mhadhiri akaniuliza kwa upole, "Kwani ulitaka kutuambia nini?" Nikamweleza kwa maneno ya kawaida, na ndipo nikaona watu wanainua vichwa kunisikiliza. Siku hizi nakariri mpangilio tu: naanzia wapi, mfano upi unafuata, naishia wapi. Maneno yanakuja pale pale.

#3
Nina kigugumizi tangu utotoni. Miaka miwili ya kwanza chuoni niliwaomba wenzangu wanisemee, mimi nitengeneze slaidi. Walikubali kwa wema, lakini nilikuwa naumia nikimsikia mtu mwingine akieleza jambo nililolifikiria mimi.

Mwaka wa tatu kila mtu alitakiwa kusimama peke yake. Wiki moja kabla nilimfuata mhadhiri ofisini nikamweleza. Akaniongezea muda, dakika 15 badala ya 10. Siku yenyewe nikasema mapema: "Nina kigugumizi. Nikikwama nisubirini, msinimalizie neno." Nilikwama kwenye "takwimu". Ile "ta" iligoma kabisa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenidakia. Dada mmoja wa mstari wa pili aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayesema endelea tu. Nikamtazama yeye hadi neno likatoka.

Nawaomba ninyi mnaokaa kusikiliza: wekeni simu chini, mtazameni mwenzenu. Mimi yule dada alinibeba, na hadi leo simjui jina.

#4
Dada au kaka #3, asante sana kwa kuandika hili.

Langu mimi ni muda. Nilipewa dakika 10, nikaenda na slaidi 27. Mwenyekiti ananyanyua kibao cha dakika 1 iliyobaki, mimi niko slaidi ya 11, bado naeleza usuli. Matokeo ya miezi mitano ya utafiti hakuna aliyeyaona. Iliniuma kuliko alama nilizopoteza.

Kuna shindano linaitwa Three Minute Thesis, lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Mtafiti anapewa dakika 3 na slaidi moja isiyo na mbwembwe, aeleze utafiti wote wa uzamivu. Nilijaribu kanuni hizo chumbani na kazi yangu mwenyewe. Ilibidi niamue: nikibakiwa na sentensi tano tu, ni zipi? Hizo ndizo sasa naziandaa kwanza, mengine yanajazia.

#5
Flashi iligoma kufunguka mbele ya watu. Nikachora grafu ubaoni kwa mkono, hatua kwa hatua, na wakaifuata vizuri kuliko ningewaonyesha iliyokamilika. Ila jitumie faili kwenye barua pepe pia.

#6
Na maswali je? Mimi kuongea naweza, maswali ndiyo yananinyima usingizi. Nakutana na jopo mwezi ujao.

#2
@6, lirudie swali kwa maneno yako kabla ya kujibu. Unapata nafasi ya kufikiri, na wa nyuma wanalisikia. Usilolijua sema wazi, "hilo sikulipima". Niliwahi kubuni jibu mbele ya jopo. Swali la pili likajengwa juu ya lile jibu, na la tatu juu ya la pili. Nikaishia kutetea kitu ambacho hata sikukiamini.

#6
Asante. Nitamwomba rafiki yangu anihoji bila huruma wiki hii.

#1
Mdogo wangu amesoma yote, ya #3 kayasoma mara mbili. Jana usiku amefanya mazoezi kwa sauti, mimi niko kwenye simu na saa mkononi. Kapewa dakika 5. Mara ya kwanza alitumia 9 na nusu, mara ya tatu 6. Ameondoa slaidi ya historia na kubakiza mfano mmoja tu kati ya mitatu. Leo saa mbili usiku tunarudia.