Fundi ujenzi asiye na cheti apigwe marufuku kwenye maghorofa? Tujadili

Wakuu, tangu jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 16, 2024, swali hili haliishi vijiweni. Mkandarasi anasajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), mhandisi ana bodi yake. Anayefunga nondo na kumwaga zege haulizwi kitu.

Mimi nasema cheti kiwe lazima, kwa maghorofa tu. Sababu yangu ni maji. Zege likiwa zito kusukuma, saidia fundi anamimina ndoo nyingine ili liteleze, na fundi anamtazama. Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kila mtu anaujua kwa kichwa. Maji hakuna anayeyapima. Yakizidi, zege linakauka na vitundu ndani na nguvu inashuka. Kisha nguzo hiyohiyo, iliyotakiwa kumwagiliwa walau siku 7, inaachwa na jua. Hayo yanafundishika, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji wa ujuzi: uliyejifunzia kazini unapimwa, unafundishwa unachopungukiwa, unapewa cheti. Hakuna kurudi darasani na watoto wa form four.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, mimi ni fundi nondo. Mchoro unasema milimita 16, bosi analeta 12. Ringi za kufunga nondo pamoja, zilizotakiwa kila sentimita 15, anataka tuziachanishe hadi 25. Nikigoma, kesho yupo mwenzangu. Cheti kitamnunulia bosi nondo? Na siku za kupimwa nyumbani wale nini?

*Mleta mada:* Hapo kwa bosi umenishika, fundi. Ila leo ukigoma anaokota yeyote barabarani. Sheria ikimbana awe na wenye cheti, na cheti kinaweza kufutwa, huyo mwenzako naye atafikiri mara mbili. Gharama abebe mkandarasi, na upimaji ufanyike saiti, siku ya kumwaga zege, siyo kwa karatasi ya maswali. Wapo wanaojibu vizuri kuhusu timazi na ukuta wao umelala.

*Mchangiaji wa pili:* Na sisi wa vyumba viwili huku Chanika? Fundi akipata cheti tu, bei inapanda.

*Mleta mada:* Ndiyo maana nimesema maghorofa, mkuu. Nyumba ya chini endelea na fundi wako. Ila kama msingi unaumwaga ukiwa na mpango wa kupandisha ghorofa baadaye, na wengi mnao, wewe umo.