Haya magemu ya mtandaoni ya kucheza na watu wengi ni ya watoto wavivu tu? Mimi napinga, tujadili

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha mtaa huku Nkuhungu, Dodoma, ajenda zilikuwa maji, ulinzi shirikishi, na ya tatu ndo imenileta hapa: kile chumba cha kompyuta ambacho vijana wanalipia kwa saa wanacheza magemu ya mtandaoni. Mzee mmoja tunayemheshimu akasimama akasema kifungwe moja kwa moja, gemu ni la mtoto aliyekosa malezi, watu wakapiga makofi. Mi nikakaa kimya na ukimya huo unanisumbua mpaka leo, kwa sababu nina miaka 43, watoto watatu, nashika hesabu za ofisi ya watu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na nusu, na watoto wakishalala naingia kwenye gemu.

Sizungumzii kubeti wala mashine za bonanza, hizo hata mi nazipinga. Nazungumzia yale ambayo unatengeneza mtu wako, unampa jina, unaingia naye kwenye dunia moja na maelfu ya watu wengine kwa wakati mmoja, na ukizima simu ile dunia haisimami, wenzako wanaendelea kuuza, kupigana, kuvua samaki.

Mi nacheza Old School RuneScape kwenye simu. RuneScape ni gemu la Uingereza la tangu 2001, hii ya Old School ikatoka 2013, kwenye simu ikaingia 2018. Picha zake za kizamani, mwanangu anaziita maboksi, ila ndo maana linatufaa huku, bando haliishi haraka na gemu lenyewe linahesabu hatua kila sekunde 0.6 kwahiyo hata mtandao ukivutavuta kidogo hupotezi kitu. Mi kazi yangu kubwa ni kuvua kambakoche pale kisiwa cha Karamja. Naweka mtego, nasubiri, mfuko una nafasi 28, ukijaa napika, wengine wanaungua, waliobaki napeleka sokoni. Levo ya mwisho ya uvuvi ni 99 na wazoefu watakwambia ukifika 92 ndo kwanza uko nusu ya safari, maana kila levo inadai kazi zaidi ya iliyopita. Niko 87, nimetumia miaka mitatu. Sasa mtu aniambie mvivu anaiweza hiyo.

Kwenye chama chetu cha humo ndani kuna dereva wa lori wa Poland, kuna nesi Mfilipino anayeingia akitoka shifti ya usiku, kuna bwana mmoja hatembei kabisa na ndo anatuongoza tukienda kupigana na majitu makubwa. Na hii si leo. Magemu ya aina hii yalianza kwa maandishi matupu 1978 pale Chuo Kikuu cha Essex, na World of Warcraft iliyotoka 2004 ilifika wateja milioni 12 mwaka 2010. Mtafiti Nick Yee aliwahi kuwahoji wachezaji kama 30,000, akakuta wastani wa umri ni miaka 26 hivi, vijana wa chini ya miaka 20 walikuwa robo tu, nusu wana kazi ya kutwa, wengine wameoa na wana watoto. Kwahiyo tunapopitisha maamuzi ya mtaa tukidhani tunaongelea madogo tu tunakosea watu.

Naomba michango, na tuheshimiane.

Mama Duka
Dada nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila we una mshahara na watoto wako wamelala. Wa kwangu alikuwa kidato cha nne. Nilimfuata chumba hichohicho saa nane usiku nikiwa na kanga na tochi ya simu, nimepita mbwa wa watu, nimefika namkuta macho mekundu hajala toka mchana, namuita hasikii ana vitu masikioni, nikamshika bega ndo akashtuka kama mtu aliyetolewa usingizini. Kesho yake nafungua droo ya duka, hela ya kikoba 85,000 haipo, amenunua silaha. Silaha ya kwenye gemu! Matokeo yalivyotoka divisheni ziro. Sasa hao wa Poland na Ufilipino watanisaidia nini? Mi nasema wafunge.

Binti wa chuo
Mama pole sana, kiukweli inauma.
Mi niko UDOM na nacheza pia. Nachotaka kuongeza ni kwamba wasichana tupo wengi kuliko mnavyodhani ila tunajificha. Nikiwasha maiki tu wakasikia sauti ya kike yanaanza matusi na maswali ya ovyo, kwahiyo mtu wangu nimemfanya mwanaume mwenye ndevu na naandika tu siongei. Miaka miwili wenzangu wananiita kaka. Mleta mada chama chako kina heshima, vingine havina, hilo tusilifunike.

Mwalimu wa Kongwa
Nimefundisha sekondari miaka kumi na tisa, naomba nizungumze kama mwalimu. Mama Duka hasemi uongo na wala sio malezi mabaya, Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini someni masharti yake: mtu ashindwe kujizuia, gemu litangulie mbele ya kila kitu, aendelee huku anaona linamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imekaa miezi 12. Anayevua kambakoche wake kwa muda wa saa moja usiku kisha akalala hayumo humo. Kijana wa Mama Duka huenda yumo na anahitaji kupelekwa hospitali aonane na wataalamu, kufuli la mlango wa mtu mwingine halimtibu.

Korea Kusini walijaribu kufunga kwa sheria. Mwaka 2011 wakazuia walio chini ya miaka 16 kucheza magemu ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Sheria ikashika kompyuta, watoto wakahamia kwenye simu, mwisho wakaifuta, Januari 2022 haipo tena. China wao 2021 walikaza zaidi, chini ya miaka 18 ni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sasa sisi tukifunga chumba kile, yule mtoto aliyekuwa anakaa mahali ambapo mama anaweza kumfuata na tochi atacheza chini ya shuka na nani atamwona?

Mnunuzi wa mahindi
Mi nanunua mahindi Kibaigwa. Nacheza Albion Online, humo karibu kila upanga na kila kofia imetengenezwa na mchezaji mwenzako na kila mji una soko lake na bei yake, unanunua mji huu unabeba unauza mji ule na njiani unaweza kuvamiwa ukapoteza mzigo wote. Nilipoteza mara tatu ndo nikajifunza kutobeba mtaji wote safari moja. Hata gunia zangu sasa sipakii zote lori moja. Sina cha kuongeza.

Mzee wa reli
Mbukwenyi nyote. Mimi ni mstaafu wa reli, miaka 67, na naomba vijana mnisamehe uandishi. Mjukuu wangu yuko Finland na wazazi wake. Tulikuwa tukipigiana simu ni shikamoo babu, marahaba, unaendeleaje, naendelea vizuri, basi, kimya, anamrudishia mama yake simu. Mwaka juzi akanifundisha hilohilo la RuneScape. Sasa tunakaa pamoja tunakata miti, mikono ina kazi na mdomo unafunguka wenyewe. Ameniambia humo kuwa shuleni wanamcheka Kiswahili chake na kwamba anakisahau. Hakuwahi kumwambia mama yake. Sasa tukiwa humo tunaongea Kiswahili tu, na nikimwuliza jina la mti anajibu.

Mama Duka
Mzee shikamoo. Hapo umenigusa.
Lakini nauliza tena, hela yangu ya kikoba? Na saa nane usiku?

Mleta mada
Mzee wangu marahaba zote ni zako, asante.

Mama Duka hela yako ni wizi na saa nane usiku ni makosa ya mwenye chumba, nilipaswa kuliandika hilo toka mwanzo na sikuliandika kwa sababu nilikuwa nalinda changu. Kumpokea mwanafunzi usiku na kumuuzia vitu bila kuuliza pesa imetoka wapi sio biashara. Kwahiyo kikao cha Jumapili ijayo, saa tisa, ofisi ya mtaa, nasimama na safari hii sikai kimya. Nitaomba chumba kibaki lakini chini ya miaka 18 mwisho saa kumi na mbili jioni, siku za shule asiingie mtu na yunifomu, na namba za simu za wazazi ziandikwe kwenye daftari pale mlangoni. Mwenye chumba akikataa hata moja, hapo na mi nitanyoosha mkono kifungwe. Ningependa uwepo, maana wewe ndo umeenda pale na tochi, mimi nimesoma tu.

Mama Duka
Nitafunga duka nije. Na kijana nitamleta, akae mbele aulizwe na yeye, toka siku ile hakuna mtu aliyemuuliza kitu zaidi ya mimi kumfokea.