MREJESHO: uzi wa katani, 5308 au 5607?

Wakuu, mnakumbuka niliuliza namba ya HS (namba za forodha za kupanga bidhaa) ya uzi wa katani ninaopeleka nje kutoka Tanga, ejenti wangu kakomaa ni 5308, yaani uzi wa nyuzi nyingine za mimea. Basi yule aliyenambia nipime desitex (uzito wa uzi kwa urefu wake) kanitoa gizani, asante sana mkuu.

Nikapima mita 10 kwenye mzani wa jikoni (mama watoto kanuna), zikaja gramu 34. Desitex ni gramu kwa mita 10,000, kwahiyo hiyo ni 34,000, na sheria ya Sehemu ya XI ya HS, ile ya nyuzi na nguo, inasema uzi wa mkonge ukizidi 20,000 sio uzi tena, ni kamba, unahamia 5607. Ejenti akataka tuweke 5607.21, nikamgomea, hiyo ni kamba ya kufungia majani makavu shambani, yangu ni ya mapambo so tumeenda na 5607.29.

Wa makumbi ya nazi msiige hesabu yangu, wenu hauangalii uzito, ukisokotwa nyuzi tatu au zaidi ni 5607, chini ya hapo 5308.10.

Mzigo umeshatoka jana.