Majirani wa Kisauni: barua ya jeshi mkononi, kesi Shanzu

Mama Aisha 19:04
Assalam aleikum majirani. Naulizia kijana wa dadangu, yule aliyepata barua ya kuitwa jeshini. Alipigana uwanjani, mwenzake akapasuka mdomo. Polisi wamemwachilia kwa dhamana ya pesa, kesho asomewa mashtaka Shanzu. Kuripoti Eldoret ni wiki mbili zijazo. Kuna mtu amwambia akubali kosa, alipe faini, aende zake. Ni sawa?

Wakili Zuhura 19:09
Waaleikum salaam. Hapana, Mama Aisha, tafadhali mzuieni. Asikubali kosa kwa sababu ya kuwahi gari la Eldoret. KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, wakitangaza nafasi husema wazi kwamba mwombaji asiwe na rekodi ya uhalifu. Faini hata iwe ya elfu tano, ni adhabu ya mtu aliyepatikana na hatia.

Wakili Zuhura 19:11
Na akishakiri, mlango wa rufaa wabaki wazi nusu tu. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chamruhusu kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu basi. Hatia yenyewe hawezi kuirudia.

Mama Aisha 19:12
Lakini dada, ngumi kweli alirusha.

Wakili Zuhura 19:15
Kurusha ngumi ni jambo moja, hatia ni jingine. Huenda alikuwa ajikinga. Angalieni karatasi ya mashtaka imeandikwa kifungu gani cha Kanuni ya Adhabu. 250 ni shambulio la kawaida, kifungo hadi mwaka mmoja. 251 ni shambulio lenye kudhuru mwili, hadi miaka mitano. Kinachotenganisha hizo mbili ni majeraha, na majeraha yaandikwa kwenye P3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Kwa hivyo aombe nakala ya P3 na taarifa za mashahidi kabla ya kesi kusikizwa. Ni haki yake chini ya Ibara ya 50 ya Katiba.

Charo wa Mahakamani 19:21
Niongeze hapo kwa Bi Zuhura. Kesho karani atamsomea shtaka kwa lugha anayoielewa. Ajibu kwa sauti: "Si kweli." Vijana wengi huteleza kwa kujieleza: "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyenianza." Jibu kama hilo hakimu anafaa kuliandika kuwa amekana, lakini asimwachie hakimu kazi ya kukisia. Mtu akikiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio, kisha mshtakiwa huulizwa tena kama maelezo hayo ni ya kweli. Hapo ndipo pa mwisho pa kusimama. Kabla ya hukumu kutolewa aweza kuomba kubadilisha jibu. Hakimu ndiye mwenye uamuzi.

Charo wa Mahakamani 19:24
Risiti ya dhamana ya polisi msiiache nyumbani. Mara nyingi mahakama huagiza pesa zile zihamishwe zije kortini, na bila risiti mtahangaika. Jina kwenye risiti ndilo litakalorudishiwa pesa kesi ikiisha. Aje pia mdhamini mwenye kitambulisho na hati ya shamba au ya gari, huenda hakimu akataka bondi badala ya pesa.

Salim Boda 19:30
Mimi namjua jamaa kituoni asema aweza kufuta OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Elfu kumi na tano tu.

Wakili Zuhura 19:32
Salim, usimpeleke mtoto wa watu huko. Kesi ikishafika kortini, OB hata ikichanwa haibadilishi kitu. Na Sheria ya Hongo ya 2016 humshika anayetoa sawa na anayepokea. Kosa la ngumi lina njia ya kusuluhishwa. La hongo litamfungia jeshi kabisa.

Mzee Kombo 19:38
Nimesoma yote. Upande wa jeshi ni huu. Barua ya kuitwa si kazi bado. Kule Moi Barracks, kambi ya kuruti ya Eldoret, hati na afya hukaguliwa upya, ndiyo maana wenye barua bandia hunaswa langoni kila usajili. Kijana ataulizwa kama ana kesi. Akificha, ameongeza uongo juu ya kesi, na huo uongo waweza kumtoa hata akiwa tayari amevaa magwanda.

Mama Aisha 19:39
Shikamoo Mzee Kombo. Si aende tu kwanza, kesi iendelee nyuma?

Mzee Kombo 19:43
Marahaba mwanangu. Aende vipi? Kuruti hapewi ruhusa ya kushuka Mombasa kila kesi inapotajwa. Akikosa kortini hakimu hutoa waranti ya kumkamata, pesa za dhamana zapotea, mdhamini aitwa. Waranti humfuata mtu hata kambini.

Mzee Kombo 19:47
Afanye hivi. Aandike barua fupi, ya ukurasa mmoja, kwa anwani iliyo kwenye ile barua ya kuitwa. Aweke nambari ya kumbukumbu, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kesi, na tarehe inayofuata ya korti. Aambatishe nakala ya mashtaka. Aombe mwongozo, asilie, asiwalaumu polisi. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Msitegemee kwamba nafasi itashikwa, na yeyote atakayesema atamshikia kwa pesa ni tapeli, usajili wa KDF haulipiwi. Lakini umri wa mwisho wa kuruti wa kawaida huwa miaka 26, na yeye ana ngapi?

Mama Aisha 19:48
Ishirini, mwezi uliopita.

Mzee Kombo 19:49
Basi ana usajili mwingine mbele yake. Mwenye hukumu hana.

Bi Mwanajuma 19:55
Na yule aliyeumia ni mtoto wa hapa hapa. Wazee wa msikiti hawawezi kukaa nao?

Wakili Zuhura 20:02
Waweza, na kwangu hiyo ndiyo njia bora. Kifungu cha 176 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai charuhusu korti kuhimiza mapatano kwenye makosa ya mtu na mtu yasiyo mazito, kwa fidia au kwa masharti ambayo hakimu ameyakubali. Lakini mapatano ya msikitini peke yake hayafungi kesi. Yaandikwe: nani amelipa nini, gharama za hospitali zikiwemo, pande zote mbili zisaini, wazee wawili washuhudie. Kisha mlalamishi mwenyewe aje kortini. Hakimu atamuuliza ana kwa ana kama ametishwa. Akiwa na shaka, hatakubali. Kwa hivyo asipelekewe kundi la vijana nyumbani kwake, waende wazee tu.

Wakili Zuhura 20:06
Na angalieni kesi imefungwa kwa kifungu gani, watu hawalitazami hili. Mlalamishi akiondoa malalamiko chini ya kifungu cha 204 cha sheria hiyo hiyo, mshtakiwa huachiliwa huru kabisa. Mwendesha mashtaka akiiondoa chini ya 87(a) kabla ya utetezi, yaweza kufunguliwa tena. Kwa mtu anayetaka jeshi tofauti hiyo ni kubwa.

Charo wa Mahakamani 20:10
Siku hiyo hiyo lipieni nakala ya amri iliyothibitishwa. Alama za vidole zikichukuliwa kituoni, hazifutiki zenyewe kwa sababu kesi imeisha. Apeleke amri ile DCI, idara ya upelelezi wa jinai, rekodi isahihishwe, ndipo aombe cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada yake huwa 1,050, vidole achukuliwe Huduma Centre. Akiomba cheti kabla ya rekodi kusahihishwa, aweza kurudishiwa chenye kesi ndani.

Mama Aisha 20:13
Allah awalipe. Kesho twende saa ngapi?

Wakili Zuhura 20:15
Saa mbili kasoro muwe langoni. Kitambulisho, risiti, mdhamini, shati safi. Barua ya jeshi aje na nakala, asili ibaki nyumbani. Nitumie jina lake kamili usiku huu kwa namba yangu, si hapa kwenye kikundi.